Kipimo cha Mkono Wake

Mwenzangu wa kazi alikuwa na mikono isiyolingana na mwili wake. Mwenyewe alikuwa mfupi, mwembamba, shati likimning'inia mabegani, lakini mikono ilikuwa mipana na mizito, vidole virefu hata kalamu ikapotea ndani yake. Nilizoea kumtania kwamba siku ile Mungu alichanganya mafungu, akampa mikono ya mtu mwingine. Alicheka na kuitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nilimwita papa, kama tunavyomwita kila mwanaume aliyetuzidi umri, na yeye aliniita mama, ingawa ningeweza kuwa binti yake wa kwanza.

Sisi tulikuwa maajenti wa mifugo wa mkoa, na kituo chetu kilikuwa beach, ndivyo tunavyopaita hapa Kisangani mahali ambapo mashua zinafunga kamba na kushusha watu na mizigo. Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza kila mtu aliielewa: kuangalia kama mnyama ni mgonjwa kabla hajaingia sokoni. Ya pili iliwachekesha watu: kuhakikisha kwamba hakuteswa njiani. Sheria ipo, ya zamani kuliko sisi sote, na maneno yake ni machache, kwamba mtu asimtese mnyama bure. Nani anaisoma? Mbuzi walikuja kutoka chini ya mto wamefungwa miguu yote minne, wametupwa chini ya magunia ya muhogo. Nguruwe walifungwa kwenye baiskeli kichwa chini. Mamba walifika hai, mdomo umezungushiwa waya. Na mbwa pia, kwa kuwa wapo watu mjini wanaokula mbwa, na mimi sisemi kitu juu ya chungu cha mtu. Ninachosema ni kwamba hata anayekwenda chunguni aachwe apumue mpaka afike.

Wanyama hao tuliwafungua kwa mikono mitupu. Leta, yaani serikali, ilikuwa imetupa kofia na filimbi, basi. Kofia zilipauka, na filimbi yangu ilianguka mtoni nikashukuru, maana kumpigia filimbi mwenye mashua ni kumchekesha tu. Nguruwe mmoja alinichana kutoka kiwiko mpaka karibu na kiganja, na tangu siku hiyo navaa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Wenzetu wengine walishika zamu upande wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na shefu wetu alikaa biro, yaani ofisini, mjini. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili, mimi na papa, na kelele za beach.

Papa alikuwa Mwislamu, watu wake wametoka Maniema. Mimi ni Mkatoliki, na nilikuwa sijui mengi ya dini yake mpaka tulipofanya kazi pamoja. Mara ya kwanza tulipomfungua mbwa, alitoka pembeni akiushika mkono wake mbali na nguo, kama mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya taa. Akafungua mkoba, akatoa kidumu cha maji na kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo hakukuwa na maziwa, kulikuwa na udongo mwekundu uliochekechwa vizuri. Alimwaga maji, akasugua, akamwaga tena, akachukua udongo, akasugua, akaendelea kumwaga. Nilidhani ameumwa. Akanieleza kwamba kwa dini yake, mate ya mbwa yakikugusa, unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo unaweza kusimama mbele ya Mungu. Udongo wa beach haukumfaa kwa sababu umejaa mafuta ya injini na mikojo ya watu, kwa hiyo aliuchukua uani kwake, mtaa wa Kabondo.

Nilimwambia kwamba hakuna haja ya kujitesa. Mbwa aniachie mimi, yeye ashike mbuzi.

"Mbwa naye iko na roho, mama," akasema. "Huu buchafu unatoka na maji. Ile kamba ya kwake itatoka na nini?"

Na kweli ndiye aliyewakimbilia wa kwanza. Siku ambazo mashua zilileta mbwa wengi, alimaliza maji ya kidumu, akatuma kununua mengine, na adhuhuri ikampata bado anasugua ngozi mpaka ikapasuka kati ya vidole. Wenye mashua walimcheka. Mimi pia nilicheka mwanzoni, baadaye nikaacha, kwa sababu niliona jinsi alivyoudhika akichelewa kusali. Hakuwa akisema. Alikunja uso tu mpaka jioni.

Hapo ndipo yalipoanzia maneno ya glavu. Yeye aliziita gants, kama tunavyosema sote. Alikuwa ameona mahali fulani, nadhani Yangambi, kwenye kituo cha utafiti, watu wakishika wanyama kwa glavu nene za ngozi zinazofika kwenye kiwiko. Mbwa akiuma, anauma ngozi. Mate yanabaki nje. Mtu anavua glavu, anaziweka pembeni, na mkono wake ni ule ule aliotoka nao nyumbani. Alinieleza jambo hilo mara nyingi hata nikawa namalizia sentensi zake. Na alimweleza shefu kila bajeti ilipokuwa ikiandaliwa, na shefu, mtu mpole mwenye woga mwingi, alimjibu kila mara kwamba atalipeleka.

Mwaka mmoja akalipeleka kweli. Tuliitwa sote watatu, shefu, papa na mimi, kwenye kikao cha bajeti ya mkoa, tukae nyuma, tujibu tukiulizwa. Shefu alisoma ombi letu: glavu, mabuti, fimbo za kushikia mbwa kutoka mbali. Alipofika kwenye maneno "kuzuia mateso ya wanyama", ukumbi mzima ulicheka. Mheshimiwa mmoja alisimama akauliza, bila ubaya, kama tunajua kwamba kuna walimu hawajaona mshahara, nasi tunataka kuwavisha watu glavu ili wawabembeleze mbuzi. Damu ilinichemka. Lakini swali lake halikuwa la kijinga. Papa alipewa nafasi, akasimama na kofia mkononi.

"Honorable iko na haki," akasema. "Binti yangu iko mwalimu, anakula kwangu. Bon, mi naomba tu gants."

Akakaa. Nilitamani kumfinya. Huo ndio utetezi wote wa kazi yetu, miaka yote ile. Kilichotuokoa hakikuwa huruma. Shefu aliinuka tena, akakumbusha taratibu kwamba magonjwa mengi yaliyotutia hofu mkoani yanatoka kwa wanyama, na kwamba wanyama wanaingia mjini kwa mlango mmoja, nao ni beach, na kwenye mlango huo wapo watu wawili wenye mikono mitupu ambao jioni wanapanda toleka, baiskeli za abiria, na kurudi katika mitaa yenu, waheshimiwa. Kicheko kikaisha. Ombi likapita siku ile ile. Tulipewa glavu kwa sababu ya hofu yao wenyewe, si kwa sababu ya mbwa, wala si kwa sababu ya sala ya mtu. Papa hakujali. Njiani alinunua karanga, akanigawia, akatembea akiimba kwa pua.

Muuzaji akataka kujua saizi. Nani kwetu anajua saizi ya mkono wake? Tunajua saizi ya kiatu, na hiyo nayo kwa kukisia. Shefu alisema kila mmoja aweke mkono juu ya karatasi, auzungushie kalamu, naye atatuma michoro. Siku hiyo mimi nilikuwa nimekwenda kwenye matanga ya tonton wangu, yaani mjomba, na wa Lubunga walikuwa hawajavuka. Papa peke yake ndiye aliyekuwa biro. Aliweka mkono, karatasi karibu isiutoshe, akauchora kidole kwa kidole. Niliuona mchoro huo baadaye juu ya meza ya shefu, nikauliza kama wameanza kuchora ramani ya mkoa wetu wa Tshopo na mito yake. Shefu alicheka, papa akacheka, na mimi nikasahau kuchora mkono wangu. Wa Lubunga nao wakasahau. Shefu hakukumbusha mtu.

Maboksi yalifika kabla ya mvua kubwa. Yalipangwa biro, nyuma ya kiti cha shefu, yamefungwa kwa utepe wa plastiki. Na hapo yakakaa.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu lazima nieleze. Kwetu kitu cha Leta hakitumiki mpaka kikabidhiwe. Sherehe hiyo tunaiita remise. Lazima mkubwa aje, lazima hotuba isomwe, lazima picha ipigwe mkono wake ukiwa bado kwenye kitu na mkono wa anayepokea umeshakigusa. Kabla ya hapo kitu kipo lakini hakipo. Nimeona madawati mapya yakipangwa mpaka dari darasani huku watoto wameketi chini kando yake, wanaandika juu ya mapaja, wakingoja utepe ukatwe. Hakuna mwalimu aliyethubutu kushusha dawati moja. Na hakuna mzazi aliyeuliza, nikiwemo mimi, maana mwanangu alikuwa darasani humo.

Mkubwa aliyepaswa kutukabidhi alikuwa safarini Kinshasa. Akarudi, ikanyesha mvua siku ya sherehe, viti vikalowa, ikaahirishwa. Ikapangwa tena, akafiwa na ndugu, ikaahirishwa. Sisi tulikuwa tumeshaambiwa nani atapokea kwa niaba ya wote. Ni papa, kwa sababu ndiye mkubwa kwa umri na ndiye aliyeomba. Mkewe alishona shati jipya jeupe, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wa chumba na kulifunika na kitenge ili vumbi lisilipate.

Mimi sina subira, na sijawahi kusema ninayo. Nilimwambia papa tukiwa beach kwamba ufunguo wa biro tunajua unakaa wapi, na utepe wa plastiki unakatwa na wembe. Tuchukue jozi moja tu. Siku ya sherehe tutairudisha kwenye boksi, nani atajua?

Alinitazama kama aliyenisikia nikisema tukaibe kanisani.

"Mama, kintu ya Leta banakupa. Ukikamata mbele bakupe, iko wizi."

"Papa, ile gants iko na kipimo ya mukono yako. Utajiiba mwenyewe?"

Akacheka kidogo. Kisha akasema neno ambalo mpaka leo nalikumbuka. Alikuwa akitazama mto.

"Tangu nilianza hii kazi, Leta haiyanipa kintu na mukono yake. Hata kofia, nilikuta banaweka juu ya meza. Hii moja nataka banipe."

Basi nikaelewa kwamba kwake glavu zilikuwa mambo mawili. Zilikuwa za kumwezesha kusali kwa wakati, na zilikuwa za kupewa. Nilimkasirikia kwa hilo la pili. Mtu mzima kungoja kupigiwa makofi, nilijisemea. Lakini nilikuwa mkali zaidi kwa sababu nilimwelewa vizuri.

Mashua iliyoleta balaa ilifika asubuhi, jua bado halijachoma. Ilikuwa mashua kubwa ya mbao, imejaa makemba, ndizi zetu za kupika, na mkaa, na nyuma kabisa, karibu na injini, kulikuwa na kizimba cha fito kilichojaa mbwa. Wote walifungwa midomo kwa kamba ya raba. Moshi wa injini uliwapiga usoni safari nzima. Nilianza kugombana na mwenye mashua, ambaye alisema mbwa si wake, ni wa abiria, na abiria ameshashuka. Papa hakungoja mwisho wa ugomvi. Aliona mmoja ulimi umetoka pembeni ya kamba, umevimba, umegeuka rangi. Akapiga magoti na kuingiza mkono kati ya fito. Kamba ilipolegea, mbwa akamshika pale kati ya kidole gumba na cha pili, akakaza.

Hakupiga kelele. Nilisikia tu mwenye mashua akinyamaza ghafla katikati ya neno, nikageuka. Papa alikuwa amemshika mbwa shingoni kwa mkono mwingine, anamsemesha polepole, anangoja aachie. Mbwa alipoachia, papa akaufunga mlango wa kizimba vizuri kwanza. Ndipo akainuka.

"Ameniuma," akaniambia, kama anayeniambia mvua inakuja.

Akaenda kwenye mkoba wake. Safari hii nilimsaidia, nilimwagia maji, nilishika sabuni. Aliosha kama alivyozoea, damu ikichuruzika juu ya mawe, akachukua udongo, akasugua ndani ya jeraha lenyewe bila kukunja uso, akaendelea mpaka maji yakaisha. Muuguzi wa kituo cha afya alipomwona alimsifu kwa kuosha. Alisema wengi wanafunga kitambaa tu na kwenda nyumbani. Lakini akasema pia kwamba kuosha hakutoshi, lazima chanjo, na chanjo hana. Hospitali nayo ilikuwa imeishiwa. Jioni hiyo mbwa alikufa ndani ya kizimba, mate yamemjaa mdomoni, na sote wawili tulijua maana yake.

Nilikwenda biro nikiwa na damu ya papa kwenye kitenge changu. Nilimwambia shefu afungue maboksi sasa hivi, mbele yangu. Papa alikuwa amekuja nyuma yangu, mkono umefungwa bandeji.

"Nikifungua," shefu akasema, "kesho bataniuliza nani amefungua."

"Basi useme ni mimi," nikamwambia.

"Chef, musifungue," papa akasema kutoka mlangoni. "Alors, si tulishangoja. Tungojee tu."

Nilitoka bila kuwaaga. Nilimkasirikia shefu kwa woga wake na papa kwa adabu yake, na sikujua nani ananiudhi zaidi. Bado sijui.

Chanjo iliagizwa Kinshasa. Katika siku hizo shefu alikimbia kuliko nilivyodhani anaweza kukimbia. Alipiga simu, aliomba, alikaa uwanja wa ndege kungoja mzigo ambao haukuwa kwenye ndege. Mimi nilizunguka maduka yote ya dawa, nikavuka mpaka Lubunga kwa mtumbwi kwa sababu mtu alisema ameiona huko. Hakuna kitu. Ilipofika hatimaye, papa alidungwa, akashukuru, akarudi beach siku ya pili. Jeraha lilikuwa limefunga. Alishika mbuzi na hata mbwa, kwa mkono wa kushoto. Tulianza kuamini. Mkewe alinitumia lituma, ndizi za kuponda, na samaki wa kukaanga siku moja, kama kwenye sikukuu.

Kisha akaanza kusema kwamba mkono unamwasha ndani kwa ndani, mahali ambapo huwezi kukuna. Kisha hakulala. Kisha siku moja hakuja.

Nilimkuta nyumbani kwake Kabondo, kabla hawajampeleka hospitali, ameketi juu ya mkeka chumbani, dirisha limefunikwa. Mkewe alitangulia kuniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba nisiingie na maji. Nilikuwa na chupa mkononi, nimetembea juani, nikaiacha nje. Nilikuwa nimesoma juu ya kichaa cha mbwa, nimeapishwa kwa kazi hiyo, ningeweza kukutajia dalili zake nikiwa nimesinzia. Hakuna kilichonitayarisha kuona koo la mtu ninayempenda likikaza kwa sababu jirani amemwaga ndoo ya maji upande wa pili wa ukuta.

Akili ilikuwa yake bado. Aliniuliza kama mashua za Yangambi zimefika, kama wale wa mamba wanaendelea kutumia waya. Nilimjibu. Kisha adhana ikasikika kutoka mbali. Nikaona uso wake umebadilika, akamtazama mkewe, naye mkewe hakuuliza kitu. Alitoka, akarudi na lile kopo la maziwa ya unga. Katika dini yao, mtu asiyeweza kutumia maji anaruhusiwa kujitayarisha kwa udongo safi. Papa alifungua kopo, akagusa udongo kwa viganja vyote viwili, akavikung'uta, akajipangusa uso, akajipangusa mikono mmoja baada ya mwingine, ule mzima na ule wenye kovu. Mikono ile mikubwa ilikuwa ikitetemeka hata nikaogopa kwamba kopo litaanguka. Halikuanguka. Akasali akiwa ameketi, na mimi nilisimama pembeni, rozari yangu mfukoni, nikilia bila kuficha.

Alikufa hospitalini baada ya muda mfupi. Alizikwa siku ile ile, kama desturi yao.

Tulikuwa bado kwenye matanga, tumeketi kwenye viti vya kukodi uani, gari la serikali liliposimama nje. Mkubwa alikuwa amekuja kutoa pole. Nyuma yake alishuka mpiga picha, na nyuma ya mpiga picha shefu wetu, ameinamisha kichwa, na vijana waliobeba maboksi. Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Mkubwa alisema maneno mazuri, na sidhani kama alikuwa mwongo; macho yake yalikuwa mekundu. Alisema marehemu alikuwa askari wa wasio na sauti. Alisema Leta haimsahau mtumishi wake, na kwamba leo, mbele ya familia, anatimiza ahadi. Kisha akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kupokea.

Mjane alikuwa ndani, eda imeshaanza, hajitokezi mbele ya wanaume. Shefu akanitaja mimi. Sikuinuka. Nilikuwa nimepiga moyo konde kwamba nitabaki kwenye kiti changu, picha ipigwe ya mkubwa bila mpokeaji, na watu wote waione. Ndipo sauti ya mjane ikatoka nyuma ya pazia la mlango.

"Mama, pokea. Alitaka bamupe na mukono."

Nikainuka. Nilipokea kwa mikono miwili, nikainama kidogo, kama ambavyo yeye angefanya. Mpiga picha akaomba tushike hivyo hivyo kidogo. Tukashika. Nyuma ya pazia nilijua lile shati jeupe bado limetundikwa.

Maboksi tulifungua kesho yake biro, wa Lubunga wakiwa wamevuka. Glavu zilikuwa nzuri, ngozi nene ya rangi ya asali, zinafika kiwiko. Mwenzetu mmoja akavaa, akainua mkono, na ncha za vidole zikainama zenyewe. Akajaribu jozi nyingine, vile vile. Mimi nikavaa, mkono wangu ukaogelea. Tulifungua boksi baada ya boksi. Zote zilikuwa za saizi moja. Muuzaji alipokea mchoro mmoja, wa mkono mmoja, akanunua kwa mkono huo kwa ajili ya watu wote. Hakuna aliyecheka. Shefu alikwenda dirishani, akasimama huko akitupa mgongo, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa mara ya kwanza hasira yangu juu yake ilipungua.

Tunazivaa. Tumezifunga viwikoni kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili zisichomoke. Wenye mashua wanatutania kutoka mbali, wanasema wenye mikono ya jitu wanakuja, na huwa nawajibu kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Watu wanaponiona nahangaika kushika fundo dogo kwa vidole vipana hivyo, wananiuliza kwa nini tusiombe nyingine kwenye bajeti mpya. Tumeomba. Tunangoja.

Wiki iliyopita mashua ilileta mbwa tena. Nilipiga magoti, nikaingiza mkono kati ya fito, nikatafuta mwisho wa kamba. Ilipolegea tu, mbwa akanishika, akakaza. Sikusikia maumivu. Niliangalia, nikaona meno yake yameshika ncha ya glavu, pale mbele ambapo kidole changu hakifiki, mahali pa kidole cha papa. Nilimsemesha mbwa polepole, nikangoja mpaka akaachia, kisha nikamaliza kumfungua.